PICHA NAYO ISAHIHISHWE KAMA INSHA

(Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Leo sikushika kalamu ili niwasimulie vituko vya sungura na fisi. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mvua za vuli zilizopita, na nikilinyamazia nitakuwa nimewakosea wenzangu. Jambo lenyewe linahusu zile picha za wadudu na maua ambazo sisi wanafunzi wa kutwa tunazipiga nyumbani kwa simu za wazazi, tukazichapisha huko sokoni, kisha tukazileta zibandikwe kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili.

Maoni yangu ni haya: picha ya karibu ya mdudu au ua ihaririwe, tena isahihishwe na wenzetu kama insha inavyosahihishwa. Lakini uhariri huo uisaidie picha kusema kweli. Ukiifanya iseme uongo, heri ungeiacha jinsi ilivyotoka.

Nawasikia wengine mmeanza kuguna. "Ala! Picha tu ndiyo ya kutupotezea wakati?" Ngojeni kidogo niwasimulie yaliyonipata.

Nyumbani kwetu ni upande wa Makueni, si mbali na Mto Athi, ule unaotutenga na ndugu zetu wa Kitui. Huku kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi yakiharibika wakati huo, basi mwaka mzima ni wa kununua unga dukani. Vuli iliyopita mahindi ya mama yalikuwa yamefika magotini yalipoanza kutoboka majani. Mama alidhani ni funza wa bua, lakini hakutaka kutupa pesa kwenye dawa isiyofaa. Bahati nzuri mjomba alikuwa ametutembelea na simu yake nzuri, maana ya mama ni mulika mwizi. Mama akaniambia, "Mwanangu, mpige picha huyo mdudu, mjomba wako amtumie afisa wa kilimo atuambie ni nani."

Nilimpata kiwavi katika moyo wa mhindi, nikampiga picha. Nilipoitazama sikufurahi. Kiwavi mwenyewe alikuwa na rangi ya tope, mgongo umejaa vidoa na vinywele, na kando yake kulikuwa na kinyesi kama unga wa mbao. Nikaona aibu kumpelekea afisa kitu kama hicho. Nikaifungua ile programu ya kuhariri, nikabonyeza kitufe cha urembo, kile watu wanachokitumia kuondolea chunusi. Nikakoleza kijani. Nikayafifisha majani ya nyuma yasionekane. Kiwavi akatoka laini, anang'aa kama shanga! Kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikaihifadhi picha hiyo mpya juu ya ile ya kwanza.

Kabla haijatumwa niliwaonyesha rafiki zangu watatu na jirani mmoja. Wote walisema, "Safi sana! Hii ni ya kalenda." Ni nyanya yangu peke yake aliyeivuta simu karibu na macho yake akauliza, "Mbona huyu hana kichwa? Na anakula nini?" Mimi nikacheka. Nikajisemea moyoni kwamba nyanya hajui mambo ya picha.

Mjomba akaituma, na alfajiri akapanda basi kurudi Mombasa na simu yake. Saa nne hivi akampigia mama. Afisa alikuwa amejibu kwamba picha ni nzuri lakini haimwambii kitu, atumiwe ile ya kwanza. Ya kwanza iko wapi? Niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Ikabidi tumngojee afisa aje mwenyewe, na wadi yetu ni kubwa, wakulima wanaomwita ni wengi. Alifika siku ya nane. Mistari sita ya mahindi ilikuwa imebaki vijiti.

Alimchukua kiwavi mmoja akamweka kiganjani, akaniita. "Kijana, tazama hapa." Kichwani palikuwa na alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Karibu na mkia palikuwa na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba. Hiyo ndiyo hati ya kumtambulisha kiwavijeshi mvamizi, yule aliyetoka bara la Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Afisa akatueleza kuwa kiwavi huyo huuawa kwa urahisi angali mdogo, kwani akishakua hujificha ndani ya moyo wa mhindi na dawa haimfikii vizuri. Zile siku nane tulizompa zilikuwa zawadi kwake.

Wasomaji wapenzi, yale madoa na ile Y vilikuwemo katika picha yangu ya kwanza. Kitufe cha urembo ndicho kilichovifuta. Kitufe hicho hakijui mdudu wala binti. Kikiona kidoa chochote hukihesabu chunusi na kukilainisha. Na kile kinyesi nilichokifunika kwa ukungu nacho kilikuwa ushahidi. Nyanya, ambaye hajawahi kumiliki simu, aliuliza maswali mawili yaliyokuwa na maana kuliko sifa zote nilizopewa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini unaweza kumfunza mwingine.

Je, nasema tuache kuhariri? La, hasha! Ukiona vyaelea vimeundwa. Picha ya karibu ina taabu zake za kawaida. Ukimsogelea mdudu mno, simu hushindwa kumwona sawasawa, jicho likawa wazi na miguu ikawa ukungu. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo, kisha nyumbani ukakata kingo ili mdudu aonekane mkubwa. Jua letu la saa sita nalo ni kali, hutia kivuli cheusi tumboni. Hapo unaweza kuongeza mwanga mahali penye giza. Picha ikipwaya, ongeza kidogo tofauti ya weusi na weupe. Jambo hili ni muhimu kwetu kwa sababu gazeti letu hutolewa nakala zisizo na rangi, na panzi wa kijani juu ya jani la kijani hugeuka kijivu juu ya kijivu, asionekane kabisa. Kazi hizi zote ni halali. Hazibadilishi aliyekuwepo pale. Zinampangusia mtazamaji macho tu.

Lakini kumbukeni kwamba uhariri haufufui maiti. Picha iliyotikisika imetikisika. Ukijaribu kuinoa kwa programu utapata mistari migumu na chengachenga ambazo mdudu hakuzaliwa nazo. Bora uamke mapema, wakati wadudu wangali na baridi na hawana haraka ya kuruka. Egemeza kiwiko gotini, ushike pumzi. Karatasi nyeupe ya daftari ukiishika upande wa kivuli hurudisha mwanga kwa mdudu, na haigharimu hata senti.

Kilicho haramu, kwa maoni yangu, ni kubadili rangi, kufuta kiungo au kuongeza kisichokuwepo, kisha ukasema "hivi ndivyo alivyo". Mtasema rangi ni jambo dogo. Hebu wakumbukeni nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na kufika hata Kitui mapema mwaka 2020. Tulikuwa bado shule ya msingi. Nzige hao wakiwa wachanga wenye mabawa huwa na rangi ya waridi. Wakipevuka na kukaribia kutaga, huwa manjano. Rangi yao peke yake humwambia mtaalamu kama mayai yako karibu kuingia ardhini. Sasa mtu apige picha ya nzige wa waridi, halafu akoleze manjano ati ndiyo inapendeza. Si amemdanganya anayetaka kujua hatari imefika wapi?

Hata wakubwa wa kazi hii wamejikwaa. Jumba la makumbusho ya viumbe la London huendesha shindano mashuhuri la picha za wanyamapori. Mwaka 2010 picha ya mbwamwitu akiruka lango, iliyokuwa imepewa ushindi mkuu mwaka uliotangulia, ilinyang'anywa tuzo baada ya waamuzi kuamini kwamba mnyama huyo alikuwa wa kufugwa na aliyezoezwa. Mwaka 2018 picha nyingine kutoka Brazili, ya mla-sisimizi akikaribia kichuguu usiku, iliondolewa pia. Wataalamu waliilinganisha na mnyama aliyekaushwa na kujazwa, wakaona alama za manyoya na mkao vinafanana mno. Wapiga picha wote wawili walikana. Lakini tazameni: kilichozitoa picha hizo ni macho ya watu wengi waliotazama na kuuliza, si mashine. Kwa hiyo sisi nasi tunahitaji macho ya wenzetu.

Hapa ndipo penye kidonda chetu. Insha zetu zikirudishwa huwa zimejaa wino mwekundu. Ngeli imekosewa hapa, aya imevunjika pale, na hakuna anayelia (isipokuwa tukipata alama chini ya kumi!). Lakini picha ikibandikwa ubaoni, sote tunakuwa wanafiki. "Safi!" "Kali!" "Umetisha!" Basi. Sifa hizo ni tamu lakini hazifunzi. Aliyepiga picha anarudi nyumbani na makosa yale yale, na muhula ujao anatuletea ukungu ule ule.

Najua baadhi yenu mna pingamizi. La kwanza, mtasema kukosolewa kunavunja moyo, hasa wa kidato cha kwanza. Ni kweli, kuna watu wanaokosoa kwa kejeli, na hao hawafai. Lakini nyanya yangu hakunikejeli. Aliuliza tu. "Mbona hana kichwa?" ni swali, na mwenye picha akilijibu atajua la kufanya. Tuanze kwa kusema tunachokiona, kisha tuulize tusichokiona, mwisho tutaje jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Ukimpa mtu makosa kumi kwa siku atazira.

La pili, wapo watakaosema picha ni sanaa, na msanii ana uhuru wake. Nakubali. Anayetaka kumpaka kipepeo rangi ya samawati ampake, mradi aandike chini: "Nimebadili rangi." Malenga naye hurefusha na kufupisha maneno kwa ajili ya mizani, na hatumwiti mwongo kwa sababu tunajua tunasoma shairi. Shida huja pale pambo linapovaa nguo za ushahidi.

Kwa hivyo naomba Chama chetu na mwalimu mlezi wafikirie mambo manne. Mosi, kila mwenye kuleta picha alete mbili, ile ya kwanza na ile iliyohaririwa, ili tuone alichobadili. Mchongaji wa Wamunyu akikata sikio la twiga kimakosa hawezi kulirudisha, lakini mwenye picha anaweza kuanza upya, mradi hakufuta ile ya kwanza kama nilivyofuta mimi. Pili, chini ya picha paandikwe mahali, tarehe, mmea aliokuwa juu yake na ukubwa wake. Hata sarafu ya shilingi ikiwekwa kando inatosha kuonyesha kimo. Tatu, kabla ya kubandika, picha zikae mezani kipindi kimoja cha Chama, sote tuzitazame na kuuliza. Nne, asiuawe wala kung'olewa mabawa mdudu yeyote ili atulie apigwe picha. Nyuki wa Kitui wanatupa asali, na hawatudai picha.

Wasomaji wapenzi, nchi yetu ina kituo kizima cha kuchunguza wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya mwenzetu. Huko mdudu anatazamwa kwa makini kwa sababu watu wanajua chakula chetu kimo midomoni mwake. Nani ajuaye? Labda miongoni mwetu yumo atakayefanya kazi kama hiyo, na atakuwa ameanza kwa kumtazama panzi kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili.

Mama alipanda upya maharagwe kwenye ile mistari sita, tukala kidogo. Hakunigombeza. Lakini mjomba alipokuja Krismasi nilimwomba simu, nikampiga picha kiwavi mwingine, wa mtama. Kabla ya kubonyeza chochote nilimpelekea nyanya. Akaitazama kwa muda mrefu. "Kichwa nakiona," akasema. "Lakini mbona umesimama juani ukamtia giza?"

Nikarudi shambani kupiga nyingine. Naomba kutua kalamu.