Tamko la Chama cha Wanafunzi wa Uhandisi Kuhusu Video za Masomo Mtandaoni

Sisi wanachama wa chama cha wanafunzi wa uhandisi tunatoa tamko hili kwa wahadhiri, kwa menejimenti za vyuo vyetu na kwa wanafunzi wenzetu.

Tumesemwa sana kwamba tumeukimbia ukumbi wa mihadhara na kuhamia YouTube. Kwamba tunajifunza huko, hatukatai. Chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuweka masomo yake bure mtandaoni mwaka 2002, na vyuo vya IIT vya India vikaja na mihadhara yao ya mtandaoni ya NPTEL. Leo mwanafunzi aliye Mbeya anafungua somo la saketi usiku wa manane na kulirudia hadi limwingie. Ukumbini, ukiwa umekaa nyuma na kipaza sauti kimekufa, unarudia wapi? Kuliita jambo hili uvivu ni kutuonea.

La kwetu nalo tuliseme. Wengi wetu tunazifungua video hizo wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula (UE), tunazikimbiza kwa kasi maradufu, tunaitikia kwa kichwa na kujiona tumeiva. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya madarasa ya fizikia: waliosikiliza mhadhara uliopangiliwa vizuri walijiona wamejifunza zaidi kuliko wenzao waliokokotoa maswali kwa vikundi, ilhali mtihani ulionyesha kinyume. Na video nzuri ni mhadhara mzuri tu. Asiyeshika kalamu, supu (mtihani wa marudio) inamngoja, na wapo waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, kwa mtindo huohuo.

Wahadhiri wetu tunawaomba warekodi mihadhara yao wenyewe, kwa vipande vifupi, na wafafanue kwa Kiswahili pale dhana inapokuwa ngumu. Video ya Marekani inakokotoa kwa volti 120. Soketi ya bwenini kwetu ni volti 230. Mfano wa mhadhiri anayeijua mitambo yetu hauna mbadala.

Menejimenti ziziweke rekodi hizo kwenye seva ya chuo, zipakuliwe bila bando. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa (na huchelewa), bando hukatwa kabla ya chakula.

Kwa wanachama: kuanzia muhula huu, kila tawi liunde vikundi vya kutazama na kukokotoa pamoja. Anayeleta video kwenye kikundi aje na maswali yake, akiwa ameshayajaribu kwenye daftari.

Imetolewa na Kamati ya Taaluma, kwa niaba ya wanachama.