Kilwa ya Mweru: tuanze na barafu, hoteli baadaye

Kila ninaposhuka soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, nakutana na ndugu aliyerejea na akiba yake akiulizia kiwanja kisiwani Kilwa. Anataka kujenga hoteli. Mimi humuuliza swali moja tu: hao wageni watafikaje, na samaki watakaokula watahifadhiwa wapi?

Sisemi kisiwa hakina mali. Kiko Zambia, lakini kinatazamana na mji wa Kilwa wa Kongo, na jina lake linatukumbusha Kilwa ya pwani. Karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili wa pembe na watumwa waliweka kambi pale. Miaka ya 2000 madini ya Dikulushi yalivushwa kwa tishari kutoka Kilwa ya Kongo hadi Nchelenge, yakapakiwa kwenye malori, yakaenda zake. Mali ya kupita haijengi kisiwa.

Msimu mmoja nilinunua kisiwani perege, ambao hapa twawaita pale. Injini ilizimika katikati ya ziwa na jua likawaka. Nilipofika Kashikishi, mama mmoja mchuuzi aliwanusa, akanitazama kwa huruma: "Baba, hawa wape kuku." Mtaji wangu uliishia pale. Sikuwa na hata kipande cha barafu.

Ndiyo maana nasema nafasi ya kuwekeza iko hapo: mtambo mdogo wa barafu unaotumia umeme wa jua, vichanja vya kukaushia chisense ili wasilale mchangani, na boti imara ya abiria yenye maboya ya kuokolea. Hivi vitahudumia mvuvi wa leo na mgeni wa kesho.

Msikimbilie kununua nyavu zaidi. Nyavu haziongezi samaki, na kila mwaka serikali hufunga uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Anayepiga hesabu ya miezi 12 amekwisha kujidanganya miezi mitatu.

Kuhusu ardhi, tahadhari. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1995, ardhi ya kimila inaweza kugeuzwa kuwa ya hati kwa muda usiozidi miaka 99, lakini chifu na halmashauri lazima washirikishwe. Asiye raia ana masharti ya ziada. Karatasi mliyoandikiana chini ya mwembe si hati, hata kama mashahidi walikuwa kumi.

Na wenyeji je? Mwaka 2004, mji wa Kilwa ulipovamiwa na kushambuliwa, watu walivuka kukimbilia visiwa vya upande huu, wakapokewa. Waliowapokea wasigeuzwe leo kuwa walinzi wa geti la hoteli. Wawe na hisa katika barafu hiyo.

Serikali nayo ijenge gati la maana. Sisi tutaleta mtaji, lakini hatuwezi kuuteremsha majini huku tumejifunga suruali magotini.