Ujuzi Uingiao Mkononi

Mpiga taipu hodari haangalii vidole vyake. Macho yako kwenye karatasi, na vidole vyajiendea vyenyewe. Amtazamaye hudhani ya kwamba alizaliwa na kipawa hicho. Sivyo. Hapo mwanzo naye alizitafuta herufi moja moja, kama wenziwe wote.

Jambo hili lilichunguzwa huko Marekani. Mwaka 1897 William Lowe Bryan na Noble Harter waliandika habari za makarani wa simu, wale waliopelekeana maneno kwa alama za Morse. Katika alama hizo E ni nukta moja, na T ni kistari kimoja. Wanafunzi walipimwa juma kwa juma. Katika kupokea maneno kwa sikio, mwanafunzi alipanda kwanza, kisha akakaa majuma mengi pasipo kuendelea, kama msafiri aliyefika uwandani katikati ya mlima. Halafu akapanda tena.

Mwaka 1899 mabwana hao walieleza sababu. Mwanafunzi mgeni husikia herufi. Akizoea, husikia neno zima. Aliye bingwa husikia fungu la maneno kwa mara moja, na akili yake huwa na nafasi ya kufikiri maana. Basi kule uwandani kazi haikusimama. Herufi zilikuwa zikizoeleka hata zisihitaji kufikiriwa tena. Kweli, wachunguzi wa baadaye hawakuukuta uwanda huo kwa kila mwanafunzi. Walakini, kwamba vipande vidogo vya ujuzi huungana kuwa vikubwa, hilo lakubaliwa hata leo.

Ndiyo sababu mtoto hana budi kujua 7 mara 8 bila kuhesabu vidole. Asipojua, akili yake yote humezwa na kuzidisha, na swali lenyewe la hesabu humpotea. Vivyo hivyo mtu mzima ajifunzaye lugha ngeni au kutunza daftari la shamba: wengi huacha wakati uleule ambapo kazi inaingia mkononi, kwa kuwa hawaoni faida yake kwa macho.

Lakini mkono hauchagui. Kosa likirudiwa kila siku huzoeleka kama jambo la haki, na kuling'oa ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Kwa hiyo mwenye busara hujifunza polepole na kwa usahihi kwanza. Wepesi utakuja wenyewe. Mazoea yana taabu.