Anayekwenda Rabai Asimwache Mtoto Nyumbani

Makanisa ya huku kwetu Kikima hupenda kupanga safari ya Pwani, kuzuru Rabai na Nyali, mahali ambapo historia ya misheni za Kiprotestanti katika nchi hii ilianzia. Majina huandikwa, nauli huchangwa, kisha kamati hutoa masharti yake. Sharti moja linanikera: mama mwenye mtoto mchanga abaki. Husemwa kwamba mtoto atalia, atachafua basi, ataugua kwa joto. Basi akina mama vijana, ambao ndio waliouza maharagwe kuchangia safari, hubaki kandokando ya barabara wakipunga mikono.

Mimi nasema sharti hilo si la haki. Tena wanaolitunga wamesahau ni kitu gani wanakwenda kukizuru.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine, aliyekuwa mja mzito. Mwezi wa Julai alijifungua binti. Homa ikamchukua mama, na baada ya siku chache tu mtoto naye akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake, Johannes Rebmann, walifungua misheni Rabai. Ni kutoka huko Krapf alikuja Ukambani mwaka 1849, akapokewa na Kivoi kule Kitui, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Basi habari yote hii ilianza na kaburi la mama na mtoto wake. Iweje twende kuinamisha vichwa penye kaburi la mtoto, hali tumewafukuza watoto wetu wenyewe katika safari?

Najua watakaonijibu, "Ndiyo maana tunawakataza!" Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Mtoto aliyezaliwa katika baridi ya milima ya Mbooni hajazoea malaria ya Pwani, na malaria huwaua watoto wadogo upesi. Lakini mwaka 1844 hakuna aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu. Ilikuwa mwaka 1897, huko India, ndipo Ronald Ross alipokuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Sisi tunajua. Mwenye kujua hutayarisha safari. Hamfungii mama nyumbani.

Kamati ya kanisa letu ilipotukatalia, mimi na mama watoto tulikwenda wenyewe, na pacha wetu wa miezi minane. Mzee mmoja aliniambia, "Baba Pacha, hija si kliniki." Nikamjibu, "Mzee wangu, hata Bwana Yesu alipelekwa hekaluni Yerusalemu akingali mchanga." Akacheka, akatuombea safari njema.

Tulishuka milima mpaka Wote, tukaenda Emali, tukapanda treni inayosimama vituo vya kati, tukateremka Mariakani. Ndani ya treni mama anaweza kusimama, kumbembeleza mtoto na kumbadilisha nepi, jambo ambalo ndani ya matatu iliyojaa ni taabu tupu. Rabai tuliliona kanisa la mwaka 1887, na nyumba za wamisionari, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mchana tulilala kivulini. Jioni, giza lilipoingia, watoto walikuwa tayari ndani ya chandarua chenye dawa tulichokibeba kutoka nyumbani. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni mwa mama yake na mwingine mgongoni mwangu, na watu waliotazama walitazama mpaka wakachoka.

Mambo mawili kila mzazi ayashike. Kwanza, mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hahitaji maji hata kwenye joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Pili, malaria haionekani siku ile mbu anapouma. Huchukua siku saba au zaidi, hata majuma kadhaa, wakati mmekwisha kurudi kwenye baridi yenu. Mtoto akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na neno lako la kwanza liwe, "Ametoka Pwani."

Tuliporudi kwa barabara kuu tulipumzika Makindu, katika hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926. Hapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila kulipa, na vyumba vya kulala vipo. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tumekuja na watoto. Tulipewa maziwa ya moto kabla hatujaomba. Huo ndio ukarimu wa mahali patakatifu, tena upo hapahapa Makueni.

Na kule pwani ya kusini mwa India kuna mji wa Velankanni, ambako mahujaji hufurika kila mwaka mpaka sikukuu ya tarehe 8 Septemba. Mapokeo yao yasema kwamba mahali hapo palianza kuheshimiwa pale Bikira Maria alipomtokea kijana aliyebeba maziwa, akamwomba kidogo kwa ajili ya mtoto wake. Leo wazazi huwapeleka watoto wao huko, wengine hunyolewa nywele kwa nadhiri. Hija yenyewe ilianza na njaa ya mtoto.

Kwa hiyo nazishauri kamati zetu: badala ya kuwakataza akina mama, ziulize nani atabeba vyandarua, gari litasimama wapi kila baada ya saa mbili, na baba gani atashika mfuko wa nepi. Mlezi ni mama, lakini safari ni ya kanisa zima. Kikundi kisichoweza kumngoja mtoto anyonye, kinakimbilia nini huko Rabai?