Mwenye Ardhi na Mwenye Jembe

Siku hizi twaambiwa kwamba udongo una fedha. Neno hilo si la uongo, walakini lahitaji kufasiriwa.

Mmea huvuta hewa ya ukaa. Majani na mizizi yake ikioza, sehemu ya kaboni husalia ardhini. Mkulima asiyechoma mabua, akatia samadi na kupanda miti kati ya mahindi, hurejesha rutuba na papo hapo huihifadhi kaboni hiyo. Kwa kazi hiyo, mfuko wa Benki ya Dunia uliochangiwa na serikali na makampuni ulikubali kununua kaboni ya wakulima wadogo wa pande za Kisumu na Kitale, waliofunzwa na shirika la Vi Agroforestry la Uswidi. Januari 2014 ikathibitishwa hesabu ya kwanza: tani 24,788. Wakulima walikuwa takriban 30,000. Gawanya mwenyewe uone. Haifiki tani moja kwa mtu.

Faida yao, basi, ilikuwa katika mavuno na mafunzo zaidi kuliko katika malipo. Hapo ndipo fedha za umma zinapostahili kutangulia: kumlipa bwana shamba, na kumfidia mkulima misimu ya mwanzo, kwani mabua anayoyaacha shambani ndiyo chakula cha ng'ombe wake.

Kwetu Pwani pana fundo jingine. Wengi hulima ardhi wasiyo na hati yake. Tangu zamani twajua kuwa mnazi waweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Ndiyo sababu mwenye shamba aghalabu humruhusu mlimaji mahindi na muhogo, akamkataza mti wa kudumu. Kaboni nayo je, ni ya nani? Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, huipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato, gharama zikishaondolewa, kwa miradi iliyo katika ardhi ya umma au ya jamii. Mlimaji aliye katika shamba la mtu binafsi fungu hilo halimfikii.

Kwa hiyo Kwale na Kilifi zikitenga fedha za kuhuisha udongo, orodha ya walipwa iandikwe kwa kutazama nani aliyetandaza mabua na kuchimba makinga maji, si jina la nani limo katika hati. Na kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, pawe na mkataba wa maandishi baina ya mlimaji na mwenye shamba, wa miaka inayotosha mti kukua.