AFYA YETU: Mshipa wa Moyo na Mfereji wa Ndiva

Ndugu msomaji wa Upare, kazi ya ndiva unaijua. Hujaa usiku, na asubuhi maji hufunguliwa yaende shambani. Mfereji ukijaa tope, mahindi hunyauka.

Mishipa inayolisha moyo nayo huziba, kwa mafuta yanayojikusanya ndani ya ukuta wake. Hapo kifua hubana. Tangu mwaka 1986 madaktari huweka ndani ya mshipa kijibomba cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti. Huushikilia mshipa wazi, damu ipite. Dar es Salaam hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Lakini chuma ni kigeni mwilini. Damu inaweza kuganda juu yake. Polepole nyama laini ya mshipa huota na kuufunika wavu. Ikiota nyembamba, ni kinga. Ikiota nene, mshipa hubana tena. Kwa hiyo stenti nyingi hupakwa dawa ya kupunguza uotaji huo. Basi wavu huchelewa kufunikwa.

Ndiyo sababu ya vile vidonge vya kuzuia damu kuganda. Ukirudi Same ukijiona mzima, usiviache mpaka daktari aseme. Kifua kikibana tena, nenda hospitali mara moja.