Vijia vya bustani visiwe shamba la adhabu

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Methali hiyo inamfaa mtu mzima aliyepanda nyasi uani kwake kwa hiari yake, kisha akalalamika kuwa zimemshinda. Haimfai hata kidogo mwanafunzi anayekabidhiwa fyekeo siku ya Ijumaa alasiri ili apunguze nyasi ambazo hakuzipanda, katika vijia ambavyo hakushauriwa vilipochorwa. Huyo amechomwa mwiba na mwingine, na pole anastahili.

Nayaandika haya kwa sababu bustani zimerejea shuleni. Vilabu vya 4-K, vilivyoanzishwa nchini mapema katika miaka ya 1960 na baadaye vikafifia, vilizinduliwa upya mwaka wa 2021, nao mtaala wa umilisi umerudisha kilimo mikononi mwa watoto wa shule za msingi. Katika Frere Town na sehemu nyingine za Kisauni, ambako viwanja ni finyu na udongo ni wa mchanga juu ya miamba ya matumbawe, bustani ya shule ni matuta machache tu ya sukuma wiki, mchicha, kunde au bamia. Walimu huzungumza sana juu ya mbegu na mbolea. Ni nadra kusikia wakiulizana: je, kati ya tuta na tuta tutakanyaga nini? Swali hilo laonekana dogo. Kwa hakika ndilo linaloamua ni nani atakayefanya kazi katika bustani hiyo, kazi ya namna gani, na kwa miaka mingapi.

Jibu la haraka aghalabu huwa nyasi, na sababu zake si za kupuuzwa. Nyasi hazina gharama kubwa, hupendeza macho, hupoza ardhi, huzuia matope yasigande viatuni, na mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na maji. Wapo pia wanaoamini kuwa bustani isiyo na nyasi za kijani kibichi haijakamilika.

Lakini yafaa tuulize ni nyasi gani. Inayopatikana kila mahali ni ukoka, na ukoka haujui mpaka. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake vilevile, na kila kifundo cha shina lake chaweza kutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Mwanafunzi anayeukata kwa jembe pembezoni mwa tuta huuzidisha, maana kila kipande anachokiacha udongoni ni mbegu. Haupiti muda mrefu kabla mchicha haujaanza kugombania maji na mbolea na mgeni aliyeingia kutoka ujiani. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana, zina nafuu: hustahimili kivuli na hewa ya chumvi, na kwa kuwa hutambaa juu ya ardhi ni rahisi zaidi kuzizuia. Hata hivyo nazo zataka kukatwa, na zataka maji.

Hebu sasa tuitazame kalenda. Mvua za masika huanza kunyesha kwa nguvu Pwani mwezi wa Aprili, wakati shule zimefungwa, na hufikia kilele mwezi wa Mei. Nyasi hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka huku hakuna mtu wa kuzitazama. Wanafunzi wanaporudi kwa muhula wa pili huzikuta zimefika magotini, matuta yamefunikwa, na vijia havionekani. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likawaka, nyasi zizo hizo hukauka na kuwa rangi ya mchanga isipokuwa zimwagiliwe. Katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, ni nani atakayemwagilia njia ya kupitia miguu?

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha jambo lenyewe. Nyasi za shule hazikatwi na mtunza bustani, kwani shule nyingi hazina uwezo wa kumwajiri. Hukatwa na watoto, na si watoto wote, bali waliochelewa, waliopiga kelele, au walioshindwa kulipa kitu fulani kwa wakati. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, nayo Katiba ya mwaka wa 2010 ikamhakikishia kila mtu uhuru dhidi ya adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini katika shule nyingi fyekeo lilichukua mahali pa kiboko, na nyasi zikawa ghala la adhabu lisilokwisha, kwa kuwa ukizikata leo zitakuwa tayari kwa mkosaji mwingine baada ya wiki mbili. Mwalimu anayepanda nyasi katika vijia vya bustani ya kilimo, hata kwa nia njema, huileta adhabu hiyo kando ya somo lenyewe. Mtoto hujifunza kwamba sehemu ile penye mchicha ndipo wanapopelekwa waliokosa. Je, tutashangaa akimaliza shule akiona jembe ni aibu?

Jambo hili lina uzito mahali popote, lakini Frere Town lina uzito wa pekee. Mji huu ulianzishwa na chama cha wamishonari cha CMS kati ya mwaka wa 1874 na 1875, baada ya mkataba wa mwaka wa 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash wa Zanzibar wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Uliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kwa ajili ya mkataba huo. Waliokaa hapa walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ambayo mtaa wa Kengeleni umechukua jina lake ni ukumbusho wa enzi hiyo, na vivyo hivyo Kanisa la Emmanuel. Watu hao walipewa uhuru, lakini waliishi chini ya nidhamu kali, na mapema katika miaka ya 1880 adhabu zilizotolewa kwa baadhi yao, viboko vikiwemo, zilizusha malalamiko yaliyofika hadi Uingereza. Sisemi kwamba kukata nyasi ni utumwa. Nasema kwamba katika ardhi iliyonunuliwa ili watu wasilazimishwe kulima kwa hofu, tuna wajibu wa kuwa waangalifu zaidi kuliko wengine kuhusu namna tunavyompa mtoto jembe kwa mara ya kwanza.

Basi tukanyage nini badala ya nyasi? Wapo watakaosema saruji, au vitofali vile vinavyoitwa kabro ambavyo siku hizi vinatandazwa katika nyua nyingi mjini. Njia ngumu ina sifa moja kuu: mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu huweza kuipita. Kwa hiyo kila bustani ya shule yapasa kuwa na njia moja kuu iliyo ngumu na sawasawa, yenye upana usiopungua mita moja, hata ikiwa ni ya mawe bapa ya Mazeras yaliyopangwa kwa uangalifu. Lakini kuitia saruji kila nafasi kati ya matuta ni kuifunga ardhi kinywa.

Hapa mwalimu wa Hisabati anaweza kutusaidia. Tuchukue bustani ya matuta matano, kila tuta likiwa na urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote. Kati yake mna vijia vinne vya upana wa sentimita 60. Jumla ya eneo la vijia ni mita za mraba 14.4. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mombasa hupata kwa wastani zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo vijia hivyo peke yake hupokea lita zisizopungua 14,400, yaani mitungi 720 ya lita 20. Juu ya saruji, maji hayo hukimbia na kuchukua udongo wa tuta njiani. Juu ya ardhi inayopenyeza maji, sehemu kubwa yake huzama na kuifikia mizizi. Kijia, kwa maana hiyo, ni tangi lisilo na bei.

Kokoto za matumbawe nazo zapatikana kwa urahisi, na maji hupita kati yake. Zina kasoro mbili. Kwanza, weupe wake huakisi jua la mchana na kuumiza macho. Pili, matumbawe ni chokaa. Vipande vyake vikiingia katika tuta kidogo kidogo, udongo huzidi kuwa wa chokaa, mimea hushindwa kupata madini ya chuma, na majani yake hugeuka manjano. Kokoto zitumike katika njia kuu, zikizuiliwa kwa ukingo wa mawe, wala zisisogezwe karibu na mboga.

Kwa vijia vidogo, maoni yangu ni kwamba hakuna kinachoshinda takataka kavu za miti: majani ya mvinje, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, au vumbi la mbao zisizotiwa dawa. Tandazo la unene wa sentimita 8 juu ya vijia tulivyovitaja lahitaji zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, kiasi ambacho darasa moja laweza kukusanya kwa magunia. Huzuia magugu kwa kuyanyima mwanga, huhifadhi unyevu, na halihitaji fyekeo. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, sehemu ya chini huwa imeoza. Huchotwa ikatiwa katika lundo la mboji, na tandazo jipya huwekwa juu. Hivyo kijia huwa jiko la mbolea ya msimu ujao.

Anayetilia shaka jambo hili asiende mbali. Aelekee kaskazini kidogo tu, hadi Bamburi. Huko, kuanzia mwaka wa 1971, Rene Haller alipanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Majani ya mivinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, hadi walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo pale pana msitu na mbuga inayoitwa kwa jina lake. Ikiwa majani makavu na jongoo waliweza kuvika jiwe udongo, hayatashindwa kustawisha tuta la mchicha.

Sikatai kwamba tandazo kavu lina masharti yake. Likisongezwa ukutani huvuta mchwa. Likiwa nene kupita kiasi huficha nge. Makumbi na vifuu vikiachwa vimetazama juu hukusanya maji ya mvua, na maji kidogo namna hiyo ndiyo makazi ya mbu wa homa ya dengue, ugonjwa ambao Mombasa iliuonja mwaka wa 2013. Kwa hiyo makumbi yakatwe, vifuu viondolewe, na tandazo liwe mbali na majengo. Wazee wetu waliofagia nyua zao hadi mchanga ukaonekana hawakuwa wajinga; walitaka kumwona nyoka kabla hajawaona. Ila uwanja wa nyumbani hauna tuta la kulindwa, na mchanga mtupu kati ya matuta huchukuliwa na mvua za kwanza.

Kuna watakaonijibu kwamba kazi haimdhuru mtoto, na kwamba tunalea kizazi cha wavivu. Nakubaliana nao kuhusu kazi. Kupanda, kupalilia, kukusanya majani ya mvinje, kupima eneo na kuvuna ni kazi, na mtoto huona matunda yake. Kufyeka kijia ambacho kitaota tena kabla ya mwezi kwisha hakumfundishi lolote isipokuwa kwamba mkubwa ana uwezo wa kumtuma. Wengine watasema kwamba mahali penye mteremko, kama kule ardhi inakoshukia kwenye mkono wa bahari, nyasi ndizo zinazoshika udongo. Hao wana haki. Penye mteremko paachiwe ukanda wa nyasi za Pemba unaokingama maji, nje ya matuta, na zamu ya kuukata iwe ya kila mtu, walimu wakiwemo, bila kumtafuta mkosaji.

Kwa hiyo, kabla ya kamba kunyooshwa na vigingi kupigwa, mwalimu na wanafunzi wake wakae chini wajiulize: Ni nani atakayeitunza njia hii wakati wa likizo ya Aprili? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Je, mwenzetu mwenye kiti cha magurudumu atafika kwenye tuta la mwisho? Wakiyajibu maswali hayo kwa unyofu, aina ya njia itajichagua yenyewe. Na mwanafunzi atakayeonekana akiinama bustanini siku ya Ijumaa alasiri, hakuna mpita njia atakayemuuliza alikosa nini.